Nina brashi, sina kamera: je, niombe nafasi ya mafunzo ya video?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mchoraji wa rangi za mafuta, na mara kwa mara hufanya uchapaji. Umri wangu umevuka miaka 50. Kituo cha habari cha jamii katika eneo letu kimetangaza nafasi za mafunzo ya video kwa wasanii wa sanaa za kuona: miezi sita, vifaa vya kuazima, mkufunzi, posho kidogo, na mwishoni kila mmoja aonyeshe kazi moja aliyoikamilisha. Mimi sijawahi kupiga video zaidi ya zile za simu. Je, ninunue kamera kwanza? Niandike nini kwenye ombi ilhali hata maneno yao siyajui? Uchoraji wangu utanifaa, au ninaanza sifuri pamoja na vijana? Na kuna kifungu kinachosema kituo “kitakuwa na haki ya kutumia kazi zote zitakazotengenezwa”. Hapo si nitakuwa nimeuza kazi yangu?

JIBU: Ndugu yangu mchoraji, nianze na lililo jepesi. Kamera usinunue. Faida kubwa ya nafasi kama hiyo ni vifaa vya kuazima, na kabla hujafanya kazi hata moja huwezi kujua kama unahitaji kamera ya kushika mkononi, ya kusimama kwenye stendi kutwa nzima, au simu uliyo nayo tayari. Anayenunua mapema hujikuta anabuni kazi ya kuihalalisha kamera yake. Kama una akiba kidogo, itoe kwa vitu viwili: hedifoni zinazofunika sikio lote, na diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Video ya 4K, yaani yenye picha kali sana, inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa moja, kwa hiyo siku mbili tatu za kurekodi zinatosha kujaza kompyuta ya kawaida. Desturi ya watu wa kazi hii ni nakala tatu, kwenye hifadhi za aina mbili, na moja kati ya hizo ikae kwenye jengo jingine. Kadi ya kamera haifutwi mpaka nakala zimefunguliwa na kuchezwa. Kuliona jina la faili kwenye diski hakutoshi.

Programu ya kuhariri nayo usiinunue. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa kwa mwanafunzi, na Kdenlive na Shotcut ni programu huria. Uliza kwanza kituo kinatumia ipi, ujifunze hiyo hiyo, maana utakapokwama usiku utataka mtu wa kumuuliza.

Kuhusu umri: vijana watakushinda kwenye menyu za kamera kwa wiki mbili tatu. Menyu hujifunzwa. Kutazama kitu kwa saa nzima bila kuchoka ni jambo ambalo wewe umelifanya miaka mingi, na wao bado.

Sasa ombi. Ili uandike ombi zuri, ni vizuri kujua vituo vya namna hii vimetoka wapi, kwa kuwa neno “jamii” kwenye tangazo halikuwekwa kama pambo. Mwaka 1967 Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada ilianza mpango wa kutumia filamu kama chombo cha wananchi kujadili matatizo yao. Mwongozaji Colin Low alikwenda kisiwa cha Fogo, ambako wavuvi walikuwa wakisukumwa kuhama. Aliwarekodi wakizungumza, akawaonyesha walivyosema, wakakubali kipi kionyeshwe kwa wengine, kisha filamu zikapelekwa kijiji hadi kijiji na hatimaye mbele ya watu wa serikali. Watu wa Fogo walibaki kisiwani na wakaunda ushirika wao wa uvuvi. Miaka hiyo hiyo Sony ilitoa Portapak, mtambo wa video ambao mtu mmoja aliweza kuubeba begani, na wasanii wa sanaa za kuona walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuukimbilia. Joan Jonas, aliyesomea uchongaji, alinunua wake Japani mwaka 1970. Mwaka 1972 Marekani ikazitaka kampuni za televisheni ya kebo katika masoko makubwa kutenga chaneli kwa ajili ya wananchi, na hapo pakastawi vituo vya kufundisha na kuazimisha kamera. Kituo chenu ni mjukuu wa mambo hayo. Kwa hiyo mtu anayesoma ombi lako anajiuliza maswali mawili kwa pamoja: huyu ana jicho? Na kazi yake itakutana na nani?

Maombi mengi hujibu la kwanza na kulisahau la pili. Mengine hayajibu lolote, yanasema tu: “Ninapenda sana sanaa na ningependa kujifunza video ili kukuza kipaji changu na kuelimisha jamii.” Sentensi hiyo haina kosa, ila inaweza kuandikwa na yeyote, na wachaguzi wameshaisoma mara nyingi kabla ya kufika kwako. Linganisha na hii: “Nitatengeneza video ya dakika sita kuhusu mafundi watatu wanaoandika mabango kwa mkono. Itafuata bango moja kuanzia ubao mtupu hadi linapotundikwa. Hakutakuwa na msimulizi. Tutasikia brashi, ngazi na mazungumzo yao. Nimeshazungumza nao, na wawili wamekubali.” Humo hamna hata neno moja la kitaalamu. Kuna urefu, watu, mwanzo, mwisho, sauti, na ushahidi kwamba umeshaamka na kwenda kuwaona wahusika. Msomaji anaiona kazi ikiwezekana.

Urefu usiukuze. Dakika nne hadi sita ni nyingi kuliko unavyodhani. Ukishaweka mahojiano ndani, utarekodi mara kumi ya hizo au zaidi, na yote hayo lazima uyasikilize tena, uyaandike pembeni, uyapange. Anayeahidi filamu ya saa moja ndani ya miezi sita ya kujifunza anamwonyesha mchaguzi kwamba hajui ukubwa wa anachokiomba. Kwenye ratiba, gawa hivi: mwezi wa kwanza mazoezi na kuzungumza na watu, wa pili na wa tatu kurekodi, mitatu iliyobaki kuhariri na kuonyesha rasimu kwa watu. Mkufunzi akiona umetenga nusu ya muda kwa uhariri, atajua anaongea na mtu makini.

Kwenye kazi za mfano, usipeleke picha 20 nzuri ambazo hazijuani. Peleka nane zilizoshikana: mfululizo mmoja, au hatua za kazi moja kuanzia kichoro cha penseli hadi rangi ya mwisho. Video ni sanaa ya kitu kinachobadilika, na mfululizo ni dalili kwamba tayari unafikiri hivyo. Wewe mchapaji una bahati hapa: chapa ya kwanza ya majaribio, ya pili, ya tatu, ukiziweka pamoja zinajisimulia zenyewe. Kama wanaruhusu klipu ya simu, peleka ya dakika moja uliyoipiga kwa utulivu, simu ikiwa imeegemezwa mahali. Na sehemu wanayouliza unataka kujifunza nini, taja mambo mawili ya wazi, kwa mfano kurekodi sauti za mahojiano na kuhariri, uyahusishe na kazi uliyoipendekeza. Usiseme “kila kitu”.

Je, uchoraji utakufaa? Utakufaa, na mahali pamoja utakuponza. Nieleze vyote.

Mwanga unaujua. Unajua uso ulio karibu na dirisha upande mmoja unavyopata umbo, na unajua mtu akisimama mbele ya dirisha anageuka kivuli. Kilichobaki ni kujua kamera inatofautiana wapi na jicho lako. Balbu ya njano ya kizamani ina joto la rangi, yaani kipimo cha unjano au ubluu wa mwanga, la takriban kelvini 2,700, na mwanga wa mchana takriban 5,600. Akili yako husawazisha tofauti hiyo bila kukuuliza. Kamera haifanyi hivyo kwa uaminifu, na vyanzo viwili vikichanganyika chumba kimoja, shavu moja litakuwa la machungwa na jingine la bluu. Zima kimoja. Pia ukiisogeza taa mbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo, wala si nusu, na ndiyo maana hatua moja ndogo ya kusogeza taa huibadilisha sura yote. Mchoraji akishaambiwa hayo mara moja huyashika, wakati wengine huhangaika nayo muhula mzima.

Kinachowaponza wachoraji ni uzuri wa fremu. Mmezoea picha inayojitosheleza: kila pembe imepimwa, jicho linazunguka na kurudi katikati, hakuna kinachodai kuongezwa. Kwenye video, picha iliyojitosheleza hivyo ni ukuta. Haiachi mlango wa kupitia picha inayofuata. Nimeona kazi za wachoraji zenye fremu 30 nzuri ajabu ambazo haziunganiki hata kidogo, kila moja imekaa peke yake kama turubai iliyokwisha kutiwa sahihi. Picha ya video inatakiwa ibaki na deni: mkono unafikia kitu ambacho hatujakiona, uso unatazama nje ya fremu, sauti inasikika lakini mwenyewe hayupo. Mkato unaofuata unalipa deni hilo na kufungua jingine.

Kuna zoezi la picha tano ambalo wanahabari wa video hufundishwa mapema, na kwa mchoraji ni dawa. Mtafute mtu anayefanya kazi yoyote ya mikono. Piga mikono yake kwa karibu sana. Piga uso wake anapoitazama kazi. Rudi nyuma kidogo, mikono na uso vionekane pamoja. Zunguka nyuma ya bega lake, uone anachokiona yeye. Ya tano ni ya hiari yako, kutoka pembe ambayo mpita njia hangeifikiria. Kila picha ishikilie bila kutikisika kwa sekunde kumi, na kwa sekunde hizo usizungushe kamera wala kuvuta lenzi. Ziunganishe kwa mpangilio wowote na utaona zinaungana, kwa sababu hakuna hata moja iliyosema kila kitu. Fanya zoezi hilo kwa simu kabla ya kuandika ombi lako. Ukiwarekodi watu wawili wanaozungumza, waza mstari unaopita kati yao na ubaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuvuka, wataonekana kana kwamba wote wawili wanatazama upande ule ule badala ya kutazamana.

Mambo ya fremu kwa sekunde mkufunzi atayaeleza, nami nitagusa moja tu lenye kuudhi. Sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde (hapa fremu ni picha moja moja zinazounda video), na televisheni 25 au 30 kutegemea nchi. Umeme wa nchi nyingi hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, wa nyingine 60, na taa hupepesa kufuatana nao, ingawa macho hayaoni. Kama mko kwenye umeme wa 50, piga fremu 25 na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde. Kwenye 60, piga 30 na shata ya 1/60. Ukikosea, utafika nyumbani na video yenye michirizi inayotambaa ukutani, na kuiondoa baadaye ni kazi ngumu. Taa za LED za bei rahisi hupepesa kwa namna yao wenyewe, kwa hiyo zijaribu kabla ya siku yenyewe.

Sasa sauti, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo msanii wa kuona anapoanza sifuri kweli.

Mtazamaji ataivumilia picha yenye giza, hata yenye chenga, akidhani ulikusudia. Sauti isiyosikika hamalizi nayo dakika. Kosa la kwanza ni kuitegemea maiki iliyo juu ya kamera. Kamera iko hatua nne kutoka kwa msemaji, basi maiki nayo iko hatua nne, na inachokipokea ni chumba pamoja na mtu ndani yake. Maiki inatakiwa iwe karibu na mdomo: ndogo ya kubana kifuani, kama shubiri moja chini ya kidevu, au ndefu ya kushikiliwa kwenye mti ikining’inia juu kidogo ya fremu. Vaa hedifoni muda wote kamera inaporekodi, siyo mwanzoni tu. Kwa masikio matupu utasikia maneno. Kwa hedifoni utasikia jokofu, feni, shati linalosugua maiki, pikipiki iliyopita kwenye sentensi uliyoihitaji kuliko zote. Jokofu lizime, na uweke funguo zako ndani yake ili usiweze kuondoka bila kuliwasha tena. Usicheke, hii ni mbinu ya kazi.

Kipimo cha sauti kwenye kamera kiweke hivi kwamba msemaji anapopaza sauti mshale ufike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Sauti iliyorekodiwa chini kidogo inaweza kuinuliwa. Iliyogonga sifuri imekatwa kichwa, na hakuna mhariri atakayeirudisha. Kabla hamjafungasha, waombe wote wanyamaze na urekodi dakika moja ya chumba kitupu. Utaona kama ni upuuzi mpaka utakapotaka kukata kikohozi katikati ya mahojiano na kugundua kwamba ukimya wa kompyuta haufanani na ukimya wa chumba kile.

Ila mimi ningependa uione sauti kama rangi mpya uliyopewa, na si kama tatizo la kuepuka. Wewe ni mchapaji. Unajua wino unapokandwa kwa rola juu ya kioo hutoa mlio wa kunata, na mlio huo ukibadilika unajua wino umekuwa tayari kabla hata ya kuutazama. Mtu asiye mchapaji hajawahi kuusikia. Rekodi mlio huo kwa karibu, anza nao juu ya fremu nyeusi, kisha picha ije baadaye. Kuitanguliza sauti kwa sekunde moja au mbili mbele ya picha yake ndiyo mbinu inayowafanya watu waseme video “imetiririka” bila kujua kwa nini. Siku unayoanza kuhariri, jaribu kupanga sauti zote kwanza huku kioo cha kompyuta kimefunikwa kwa karatasi. Usikilize kazi yako mwanzo hadi mwisho kwa masikio tu. Palipochosha hapo, picha haitapaokoa.

Kama baada ya haya yote bado unahisi kamera inakutoa kwenye brashi, ipo njia ya katikati: kuihuisha michoro yako. William Kentridge wa Afrika Kusini amejenga jina kwa kuchora kwa mkaa, kupiga picha moja, kufuta kidogo, kuchora tena juu ya karatasi ile ile na kupiga nyingine, na madoa ya kilichofutwa yakabaki kama kumbukumbu. Ukipiga picha 12 kwa kila sekunde, kila moja ikashikiliwa fremu mbili, dakika moja inahitaji picha 720. Kwa miezi sita inafanyika, na kwa dakika mbili au tatu inatosha. Funga kila kitu: stendi igandishwe sakafuni kwa utepe, mwangaza na rangi visiwe vya kujirekebisha vyenyewe, pazia lishushwe kwa sababu jua linatembea hata ukilisahau, na uvae nguo nyeusi ili usiakisi. Rangi ya mafuta hung’aa vibaya mbele ya kamera. Weka taa mbili, moja kila upande, kwa pembe ya digrii 45, na kama kituo kina vichujio vya polaraizi, kila taa iwe na chake na kingine kiwe kwenye lenzi, ukikizungusha hicho cha lenzi mpaka mng’ao ufe.

Nije kwenye watu utakaowarekodi, kisha mkataba, maana mambo haya mawili yamefungamana kuliko inavyoonekana.

Idhini ya maandishi ni lazima, nawe usiiombe dakika ya mwisho huku kamera imeshasimama. Mtu asome nyumbani, aelewe itaonyeshwa wapi, aelewe kwamba ikiingia mtandaoni haitatoka. Watoto wana wazazi au walezi wa kusaini. Na fuata njia ya Fogo: waonyeshe watu kipande chao kabla ya maonyesho. Wasanii huogopa hatua hii wakidhani kila mtu atataka afutwe. Kwa niliyoyaona mimi, wengi huomba kitu kimoja kidogo, mara nyingi jina la jamaa litolewe au neno walilolisema kwa hasira liondolewe, na baada ya hapo wanakuwa watetezi wako wakubwa.

Sasa kifungu chako. “Haki ya kutumia” siyo “haki ya kumiliki”, kwa hiyo hapana, kwa maneno hayo peke yake hujauza. Lakini kifungu kimeandikwa kivivu, na uvivu wa mkataba huwa unamfaidi aliyeuandika. Kwa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani ni wanachama, hakimiliki ni yako tangu kazi inapotengenezwa, bila kusajili popote, na kwa kazi nyingi hudumu angalau maisha yako na miaka 50 baada ya kufa. Mkataba huo unakupa pia haki ya kutajwa kama mtunzi na ya kupinga kazi isiharibiwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Hata hivyo video ina mikono mingi: kuna aliyeshika maiki, mkufunzi aliyekaa nawe kwenye uhariri, kituo kilichotoa posho. Sheria za nchi hazifanani katika kuamua nani ni mwenye video, na baadhi humtazama kwanza aliyegharamia. Ndiyo maana iandikwe wazi.

Nenda na maswali haya. Haki wanayoitaka ni ya kwao peke yao (ndiyo huitwa leseni ya kipekee), au wewe pia unaweza kuonyesha na kuuza kazi utakavyo? Ni kwa muda gani? Ni kwa kurusha na kuonyesha tu, au hata kwa matangazo? Wanaweza kuikata upya? Wanaweza kumpa mtu wa tatu? Na zaidi ya yote, “kazi zote zitakazotengenezwa” ni kazi iliyokamilika, au ni pamoja na picha ghafi, yaani yote uliyorekodi kabla ya kuhariri? Hili la mwisho wengi hulipita, na ndilo lenye uzito kuliko mengine. Katika saa tano za picha ghafi kuna mtu aliyelia, kuna aliyemtaja jirani yake, kuna uliyemwahidi kwamba maneno fulani hayatatoka. Ukitoa haki juu ya picha ghafi, umetoa ahadi ambazo si zako kuzitoa. Picha za turubai zako zinazoonekana ndani ya video nazo zitajwe kwamba zinabaki nje ya haki hiyo.

Pendekeza maneno kama haya: “Msanii anabaki mmiliki wa hakimiliki ya kazi na ya michoro inayoonekana ndani yake. Kituo kinapewa leseni isiyo ya kipekee ya kurusha na kuonyesha kazi iliyokamilika, bila kuibadilisha, kwa shughuli zisizo za biashara, kwa miaka mitatu. Picha ghafi hazimo katika leseni hii.” Kama una ndoto ya kuipeleka kazi kwenye matamasha ya filamu, ongeza kwamba kituo kisiiweke mtandaoni kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu baadhi ya matamasha hayapokei kazi iliyokwisha kupatikana kwa wote. Vituo vingi vya jamii havina ubaya. Walinakili kifungu mahali, nao watafurahi kupata kilicho bora. Kituo kikikataa hata leseni isiyo ya kipekee, hapo ningesita.

Muziki nao una mtego wake. Wimbo una haki mbili, ya mtunzi na ya rekodi, na kununua wimbo kwenye simu hakukupi hata moja. Mwombe mwanamuziki unayemjua, muandikishane. Au tafuta muziki wenye leseni za Creative Commons, ambazo kwazo mtunzi huwaruhusu wengine kuitumia kazi yake kwa masharti, ukisoma herufi zake: ND maana yake hairuhusiwi kubadilishwa, na kuuoanisha wimbo na picha huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha, kwa hiyo huo uache. NC hauruhusu biashara, kwa hiyo utakufunga siku utakapotaka kuiuza kazi. Au, kwa kazi kama ile ya mafundi wa mabango, usiweke muziki kabisa.

Kuna maswali mawili ambayo hukuyauliza na ningekushauri uyaulize kituoni kabla ya kusaini. La kwanza: baada ya miezi sita, nitaendelea kuazima vifaa? Vituo vingine huwapa waliohitimu uanachama, vingine hufunga mlango siku ya maonyesho, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko posho. La pili: kazi itaonyeshwa ukumbini watu wakiwa wamekaa, au ukutani kwenye maonyesho ikijirudia? Ukutani mtazamaji huingia katikati na kuondoka atakapo, na sauti ya jirani yako huvuja kwenye kazi yako, kwa hiyo mwanzo na mwisho hupangwa kwa namna nyingine kabisa. Ni vizuri kulijua hilo mwezi wa kwanza.

Majibu ya mkataba wakikupa kwa mdomo, rudi nyumbani uwaandikie barua pepe siku hiyo hiyo: “Asante kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba picha ghafi hazimo, na kwamba leseni ni ya miaka mitatu. Naomba mthibitishe, na mkataba urekebishwe ipasavyo kabla sijasaini.” Wakithibitisha na karatasi ikarekebishwa, saini, chukua nakala yako, na uende kuwaona mafundi wako bila kamera mara moja kwanza.